Hatua ya Picha Nne

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na mkazamjomba mpe shikamoo yake peke yake, maana safari iliyopita alilalamika kwamba ya kwake huwa naichomeka ndani ya yako kama nyongeza.

Huku hatujambo. Baba amerudi kazini baada ya likizo aliyoitumia yote kutengeneza mlango ambao haukuwa mbovu. Sasa ni mbovu. Mama amestaafu kule maktaba mwezi uliopita. Siku ya tatu nyumbani alipanga vitabu vyangu kwa herufi, siku ya nne akahamia kwenye sufuria. Amenunua viatu vipya, akavipeleka kwa fundi aongezewe soli ya mguu wa kushoto kama kawaida yake ya tangu utotoni. Fundi akaongeza ya kulia. Viatu vimerudishwa, na fundi amepewa somo ambalo nadhani hatalisahau.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikutumia ujumbe wa simu huwa unanijibu "sawa", hata siku ile nilipokuuliza uko wapi.

Sasa kaa chini. Studio yetu imepewa kazi ya kuligeuza gemu la Fundi Saa kuwa katuni ya televisheni. Ndiyo, hilo hilo, ulilolichora wewe miaka kumi na miwili iliyopita, wewe na marafiki zako wawili ndani ya chumba kimoja. Nusu ya wenzangu hapa walilicheza wakiwa sekondari. Nilipowaambia mchoraji ni mjomba wangu, dada wa idara ya sauti alinipisha kiti chake.

Mimi nimepewa mwendo, yaani kila kinachotembea, kinachoanguka na kinachopepea kiko chini yangu. Na hapo ndipo pagumu. Kwenye gemu yule mwanamke anazunguka mjini akitengeneza saa za watu, tunamwona kwa ubavu tu, na hatua yake ina picha nne zinazojirudia. Ile hatua ya kurukaruka, kama mtu anayekwepa madimbwi ambayo hayapo, watu wanaikumbuka kuliko hata hadithi yenyewe. Kwenye katuni hatua moja inataka picha kumi na kitu, na baada ya kuziongeza zote lazima abaki kuwa yeye. Na bado kuna rangi zako zinazovuka mistari, na penseli yako inayotetemeka, ambavyo ukiviondoa hakuna kinachobaki.

Kwa hiyo naomba karatasi zako za asili, hasa za mwendo. Picha za kwenye gemu ni ndogo kama kucha. Nikizikuza naona vumbi tu. Tuna mpaka mwisho wa Julai kuwaonyesha watu wa televisheni nusu dakika. Wakikataa, kazi imekufa, na sisi sita tuliopewa tutarudi kuchora matangazo ya sabuni.

Mpwa wako wa pekee, kwa hiyo mpendwa.


Tarehe 21 Februari

Mheshimiwa Mkuu wa Mwendo,

Marahaba. Mkazamjomba wako ya kwake ameipokea, ameisoma mara mbili, na anasema sasa una adabu.

Sisi wazima. Duka linakwenda. Wiki hii nimepiga picha za pasipoti za watu arobaini, na arobaini wote wameniambia hawafanani na picha zao. Goti langu limeanza kutabiri mvua, ila linakosea.

Nimefurahi kwa ajili yako, ingawa nawahurumia watakaotembezwa na wewe. Ulipokuwa na miaka mitano ulinichora farasi mwenye magoti sita, ukaniambia hayo mawili ni ya akiba.

Kifurushi nimekitia kwenye basi la Ijumaa. Ndani utakuta mbingu saba, kuta ishirini na mbili, mapaa, na ule mnara wa stesheni. Mbingu yenye doa la duara, lile si mwezi. Niliweka kikombe cha chai juu yake. Watu waliandika mengi kuhusu mwezi ule wa huzuni, nami nikawaacha.

Kuhusu mwendo, hakuna siri yoyote. Kompyuta yetu ilikuwa dhaifu. Ukiipa picha ya tano inazimika, tukabaki na nne. Nilishamweleza mwandishi wa gazeti wakati ule, na makala ipo. Karatasi zenyewe zililiwa na panya.

Msalimie baba yako. Na mama yako, kama atapokea.

Mjomba.


Tarehe 14 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine iliyofungwa vizuri kwa ajili ya mkazamjomba.

Huku mlango wa Baba sasa hivi haufungi wala haufunguki, uko katikati, na tunapita kwa ubavu. Yeye anasema unahitaji muda.

Kifurushi kimefika, nami nawapongeza panya wako. Wamekula karatasi za mwendo tu, na katika mbingu saba hawakung'ata hata kona ya wingu. Panya wenye kuchagua hivyo ungewaleta studio, tuna upungufu wa wahariri.

Rangi zako zilitutesa. Kwenye gemu ukuta umesimama tu, hauna taabu. Lakini ukiuchora mara kumi na mbili, rangi inavuka mstari mahali tofauti kila mara, na ukizipitisha haraka ukuta mzima unatokota kama sufuria. Tulihangaika wiki mbili. Sasa ukuta tunauacha umetulia, halafu ile rangi iliyovuka tunaibadilisha mara moja tu kila yule mwanamke anapokanyaga. Mji unapumua pamoja naye. Ungeiona ungejisifu, ndiyo maana sikutumii.

Mwendo ndio bado. Jaribio la kwanza nilimlainisha, hatua safi, picha kumi na mbili zenye nafasi sawa. Tukawaita watu kumi waliowahi kulicheza gemu. Wakatazama, mmoja akauliza, "Huyu ni nani, dada yake?" Jaribio la pili nikaziweka zile nne kama zilivyo. Mzee wetu wa usafi akaja akaigonga televisheni ubavuni. Alidhani imekwama.

Mkurugenzi ana wazo la tatu. Anataka kila hatua iwe na mlio wa springi, watu wacheke. Sijakubali, lakini sina cha kumwonyesha badala yake.

Jana Mama alikuwa anakunja nguo, nikamwuliza kama anakumbuka ulivyouchora ule mwendo, maana miaka ile mlikuwa bado mnazungumza. Akasema, "Mimi sijui mambo ya magemu." Kisha akachukua nguo zile zile alizokuwa anakunja akaenda kuzifua upya. Mjomba, ninyi wawili mligombana nini? Nilikuwa na miaka ishirini, nikaambiwa ni mambo ya kitanda cha bibi. Kitanda hicho sasa nalalia mimi, na kosa lake pekee ni kelele.

Mpwa wako.


Tarehe 29 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Mashine ya kopi iliharibika, ilipopona nikaharibika mimi, mafua tu. Mambo mengine ni yale yale.

Suala la rangi umelimaliza vizuri. Nakusifu mara moja, usizoee.

Yule mwanamke mpe mwendo wa kawaida. Watu watazoea. Watu huzoea kila kitu.

Kuhusu kitanda, kitanda ni kitanda.

Mjomba.

*Mwanangu, ni mimi mkazamjomba wako. Ameniachia bahasha niitie gundi, nami nimeongeza haya kabla sijaitia. Nyumba hii haina panya na haijawahi kuwa nao, nisije nikaonekana mchafu ukweni. Juu ya kabati kuna bahasha ya kaki. Tangu uandike ameishusha mara tatu na mara tatu ameirudisha. Barua hii fupi unayoiona ameianza mara nne. Kilichomo ndani sikijui na sijamwuliza. Mimi sijakwambia kitu.*


Tarehe 9 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo utani nitaupunguza, utanisamehe.

Ijumaa mchana mkurugenzi alikuwa ametoka, nami nilikuwa nimechoka kumlainisha yule mwanamke. Nikaziweka zile picha nne mezani, nikajiuliza swali la kitoto. Ili mwili utoke hapa ufike pale, katikati lazima ufanye nini? Kati ya picha ya pili na ya tatu bega linashuka ghafla, lakini kichwa kinabaki juu. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa bahati. Lazima awe amejifunza.

Nikachora nyonga ikizama. Mguu wa upande wa pili unakanyaga kwa ncha. Mkono unatoka nje kidogo kama unaegemea hewa, halafu anajiinua na safari inaendelea. Nilipofika picha ya tisa niligundua kwamba sifikiri tena, mkono unajua wenyewe. Nikazikusanya nikazipitisha.

Mama akatembea mezani kwangu. Mama yangu, akitoka jikoni kwenda mlangoni, kama nilivyomwona kila siku ya maisha yangu.

Dada wa sauti akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimekutana na mtu ninayemfahamu.

Mjomba, gemu hilo nimelicheza miaka kumi na miwili na sikumwona. Aibu hiyo ni yangu, naibeba mwenyewe. Lakini wewe ulijua. Nimekumbuka jambo jingine. Mwaka ule watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanaigiza ule mwendo, wanarukaruka mbele ya maktaba wakijiita Fundi Saa, na Mama akitoka kazini alikuwa anapita katikati yao. Sikuwahi kujiuliza yeye alikuwa anaona nini.

Ulikuwa unamcheka? Mimi siamini, lakini nataka nisikie kutoka kwako kabla sijaanza kuamini. Picha nimezifungia kwenye droo, mkurugenzi hajaziona. Nijibu, na usiniambie habari za kompyuta.

Mpwa wako.


Tarehe 13 Mei

Mpwa wangu,

Salamu zitakuja mwisho. Hapana, sikumcheka.

Bahasha ya kaki ndiyo hii, usinipotezee. Ndani kuna picha kumi na nane. Nilizichora alasiri moja nikiwa nimekaa nje ya dirisha la maktaba, mama yako akisukuma kitoroli cha vitabu kutoka mwanzo wa ukumbi mpaka mwisho na kurudi, nami nikimchora akienda tu. Hakuniona. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kuzunguka mji ule, na nilikuwa nimeshachora watu sita, wote wanatembea kama wanakwenda dukani kununua kiberiti. Mimi nilitaka mtu ambaye ukimwona tu unajua atafika. Ninayemjua ni mmoja.

Kompyuta ilizibeba zote kumi na nane bila kukohoa. Mashine ilikuwa na nguvu, mimi ndiye niliyekuwa dhaifu. Wenzangu walipoziona wakasema, "Huyu ni mtu wa kweli, ni nani?" Nikaingiwa na hofu. Nikaona watu wakimtambua njiani na kumwonyesha kidole. Basi nikazitoa zote ambazo anazama, moja moja, mpaka zikabaki nne ambazo amesimama wima. Nikadhani nimemficha. Zikatoka zinaruka, na kule kuruka ndiko watu walikokupenda. Mwandishi wa gazeti alipouliza, nikashika uongo uliokuwa karibu.

Wiki moja baada ya gazeti, mama yako alinipigia simu. Alisema neno moja, "Nimesoma," akakata. Nikajua amegundua nilimchora, na amekasirika. Sikuthubutu kuuliza. Mwezi ukapita. Kisha ukawa mwaka, na ukishafika mwaka mtu anaona aibu ya kuchelewa kuliko hata ile ya kosa. Habari ya kitanda niliitunga mimi kwa kuwa ndugu walikuwa wanauliza. Yeye aliiacha hivyo hivyo, hakuikanusha.

Mwulize yeye. Akisema zichomwe, zichome. Akisema mpe mwendo wa kawaida, mpe. Mimi nimejaribu kumwandikia na sijavuka "Dada, habari za siku nyingi."

Marahaba. Goti halijambo.

Mjomba.


Tarehe 20 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wiki tano bila jibu, unaonaje ladha yake? Nilitaka na wewe uonje kidogo. Mkazamjomba amenipigia simu kuniambia umepunguza maneno mpaka wateja wanadhani unaumwa meno.

Mlango umetolewa kabisa. Baba anasema nyumba sasa ina hewa.

Nilimwonyesha Mama Jumapili asubuhi. Alikuwa anatia jalada vitabu vya jirani, mezani kumejaa mikasi na gundi. Nikaweka kompyuta mbele yake. Nikaanza na yule niliyemlainisha. Akatazama kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Halafu nikampitishia zako kumi na nane.

Akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya nne akasema, "Anakwenda kulia. Hebu mgeuze aende kushoto."

Nikaigeuza picha, kama gemu linavyofanya.

"Unaona?" akasema. "Nikienda kulia, mbovu ni mguu wa kushoto. Nikirudi, mbovu ni wa kulia. Mjomba wako anaweza kuniambia huo ni ugonjwa gani unaohama mtu akigeuka?"

Nikamwuliza yeye amejuaje kwamba kwenye gemu huwa hivyo.

"Nimelimaliza mara tatu. Nilikuwa nacheza kwenye kompyuta ya maktaba saa za chakula cha mchana. Ile saa ya stesheni iliyowashinda ninyi wote, ufunguo wake uko nyuma ya kioo cha kinyozi."

Mjomba, hebu fikiria. Tulimaliza likizo mbili nzima tukiutafuta ufunguo ule, na yeye alikuwa anatupitia mgongoni akifagia.

Nikamwambia, "Kwa hiyo hukukasirika kuchorwa."

Haya ninayoandika sasa ni maneno yake, nimejitahidi nisiongeze wala nisipunguze. "Nikasirike kwa nini? Nilijua ni mimi kabla hajafika mlango wa kwanza. Maisha yangu yote watoto walikuwa wanatembea kama mimi ili wanicheke. Mwaka ule wakawa wanatembea kama mimi ili wawe yule Fundi. Nilikuwa nikipita katikati yao polepole makusudi. Nikangoja mdogo wangu aje aseme, 'Dada, huyu ni wewe.' Nikanunua gazeti nikijua ndimo atakamosema. Nikakuta mimi ni ubovu wa kompyuta."

Kisha akarudi kwenye majalada yake. Alipomaliza kitabu cha tatu akauliza studio inafunguliwa saa ngapi.

Mkurugenzi ameziona zile kumi na nane. Hajataja springi tena. Lakini Mama amesema hazitoshi, kwa sababu zinakwenda upande mmoja tu, na hataki kugeuzwa kama shati. Atakuja tarehe 11 Julai atembee mwenyewe, kwenda na kurudi, na tumchore pande zote mbili. Ana sharti moja: mchoraji awepo, maana aliyekosea ndiye asahihishe. Tiketi yako ya basi iko ndani ya bahasha hii. Usiniambie imeliwa na panya.

Mpwa wako.


Tarehe 2 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, na mkazamjomba wako naye anakusalimu kwa karatasi yake mwenyewe, nimeambiwa nisiisome.

Ujumbe wako umefika kwamba watu wa televisheni wamekubali, vipindi kumi na viwili. Nikakujibu "sawa", nikakaripiwa hapa nyumbani mpaka nikachukua kalamu. Hongera, mwanangu. Sikuwa na shaka. Nilikuwa nayo kidogo mwezi wa nne.

Nina deni la kukusimulia, kwa sababu siku ile ulikuwa unahangaika na kamera na mengine hukuyaona.

Ulimwona akitembea ile korido mara kumi na moja. Ulimsikia akimwambia mkurugenzi wako asogee kwa sababu anamzibia mwanga. Mimi nilikuwa sakafuni nimeegemea ukuta, nachora. Mara ya sita akasimama mbele yangu, akainama, akatazama karatasi. "Nyonga iko chini zaidi ya hapo," akasema. "Usinionee huruma." Nikafuta nikachora tena. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza baada ya miaka kumi na moja.

Halafu ukatoka na wenzako kwenda kuangalia mlichorekodi, tukabaki wawili, yeye juu ya kiti na mimi pale pale chini. Nikamwambia, "Dada, nilisema uongo gazetini."

"Najua. Nimelikata nikaliweka."

"Niliogopa watakucheka."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi na daftari chafu. "Wananicheka tangu nina miaka sita. Wewe ndiye uliyekuwa unapigana nao shuleni, unarudi shati limechanika, mama anakuchapa, kesho unarudia. Iweje siku ulipotengeneza kitu kizuri ndiyo siku uliyoogopa?"

Mpwa wangu, nilitafuta jibu. Mimi unanijua, maneno hayanipigi chenga. Nikatafuta, nikakuta sina. Nikamwambia hivyo, kwamba sina.

"Hilo ni zuri kuliko la kompyuta," akasema. Akaomba maji.

Niliporudi huku niliandikia lile gazeti. Mwandishi yule alishastaafu, na hawakuelewa kwa nini mtu anasahihisha makala ya miaka kumi na moja, lakini wamechapisha. Ni mistari mitano, ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la magodoro. Inasema kompyuta yetu haikuwa na tatizo lolote na kwamba mwendo ule ni wa dada yangu, mtunza maktaba. Nakala nimemtumia. Amenirudishia ikiwa imesahihishwa nukta mbili kwa kalamu nyekundu.

Kitu cha mwisho. Ulitaka kutuitia teksi mpaka stendi, akakataa, na ulipotuangalia dirishani najua ulikuwa unachora kichwani, usibishe. Basi tulikwenda kwa miguu. Zamani tukienda shule nilikuwa nakaa kushoto kwake, naye anaweka mkono begani kwangu, nilikuwa nimemfikia vizuri kwa urefu. Sasa bega liko juu, mkono ukaishia kwenye kiwiko. Tukaenda.

Tulipokaribia tukaliona basi langu limewasha injini. Kondakta akatupungia tuharakishe. Sikuharakisha, na yeye hakuniambia nimwache nikimbie. Likatoka tukiliangalia. Tukakaa kwenye benchi kungoja la saa tisa, nikanunua njugu, akanitaka nimweleze kwa nini nilimpa yule kinyozi masikio makubwa vile. Nikamweleza. Naye akaanza kunieleza mlango wa mwisho wa gemu unavyofunguliwa, maana mimi nililichora tu, sijawahi kulimaliza. Anaanza mbali sana, mlango kwa mlango, na hapendi kukatizwa.

Basi la saa tisa lilikuja likakuta hajafika kwenye mnara. Nikapanda la saa kumi na moja.

Mjomba wako, mdogo wa mama yako.